Spiti kwa gari: mwongozo kamili wa kupanga safari kwenye jangwa la baridi la Himalaya

Kabla hatujaongelea gari wala hela, shika hili kwanza: safari ya Spiti, bonde la milimani kaskazini mwa India, haipangwi kwa kuangalia utaona nini, inapangwa kwa kuangalia utalala wapi. Yaani kila usiku jiulize, leo nalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na jana nililala ngapi. Ukishaiweka sawa hesabu hiyo mengine yote yanafuata, na ukiikosea hakuna gari zuri wala jaketi la bei mbaya litakalokusaidia.

Naandika hivi manake mara ya kwanza sisi tuliikosea. Tulikuwa wanafunzi watatu kutoka Afrika Mashariki, tunasoma kaskazini mwa India, tukapata likizo fupi, jamaa wa kampuni moja ya safari akatuambia ingieni kwa mji wa Manali, usiku wa kwanza tu mnalala Chandratal, ziwa zuri mno. Na ni zuri kweli. Lakini Manali iko kama mita 2,000 na Chandratal iko kama mita 4,250, na sisi kimo chote hicho tulikipanda kwa siku moja tumekaa kwenye siti tunakula biskuti. Saa nne usiku mwenzetu akaanza kutapika na kichwa kinampasuka, kufika saa saba maneno yake hayaeleweki, akisimama anayumba kama mlevi na pombe hajaigusa. Giza lile na barabara ile dereva akakataa kuondoka, na alikuwa na haki, basi mwenye kambi akaleta mtungi wa oksijeni tukakaa na mgonjwa tumemshika mikono mpaka kunapambazuka, alafu tukamshusha hadi Chhatru, kama mita 3,350. Saa nne asubuhi alikuwa ameshaomba chai. Hakupewa kidonge chochote, kushuka ndiko kulikomponya.

Miaka miwili baadae tulirudi, safari hii tukiingia kwa mji mwingine, Shimla, siku kumi na moja, na hakuna aliyeumwa kichwa zaidi ya nusu siku. Mwongozo huu ni wa safari hiyo ya pili.

Kwanza ujue unaenda wapi

Spiti ni bonde la jimbo la Himachal Pradesh, India, kule mashariki yake ni Tibet. Mji mkubwa ni Kaza, uko zaidi ya mita 3,600. Kwa aliyepanda Kilimanjaro, Kaza ni kama unalala Horombo, na Komic, kijiji kabisa chenye watu, yaki na mashamba ya shayiri na njegere, kipo mita 4,587, hapo unakaribia kambi ya Kibo. Tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, pole pole, mwili unazoea, wakati Spiti gari linaweza kukufikisha juu kabla mwili haujapata habari. Na juu kule kwenye mita 4,500 kila pumzi unayovuta inakuja na oksijeni kama asilimia 60 hivi ya ile uliyozoea Dar au Mombasa.

Kwa nini ni jangwa na theluji ipo? Hapa sisi watu wa pwani tunaelewa haraka. Ule upepo wa kusi uliokuwa unarudisha majahazi Arabuni na India, ndio huohuo unaobeba mvua za India za mwezi wa sita mpaka wa tisa. Unafika ukuta wa Himalaya, unapanda, unapoa, unamwaga maji yote upande wa Shimla na Manali, ukivuka ng'ambo umebaki mkavu. Ndio maana utatoka kwenye misitu ya misonobari inayochuruzika maji na kwa siku moja ukaingia kwenye milima ya rangi ya udongo isiyo na hata kichaka. Kumbuka picha hiyo, itakusaidia kuchagua msimu.

Hatua ya 1: chagua mwezi

Njia za kuingia ni mbili. Ya Shimla inapita wilaya ya Kinnaur, inafuata mto Sutlej alafu mto Spiti, na kwa kawaida iko wazi mwaka mzima, ingawa mawe huporomoka na kuifunga kwa masaa au siku. Ya Manali inavuka Kunzum La, njia ya juu ya mlima, mita zaidi ya 4,500, na hiyo theluji huifunga karibu nusu mwaka, inafunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni na kufungwa tena Oktoba au Novemba kutegemea theluji imeanguka lini.

Kama unataka kuingia huku na kutokea kule, basi una Juni mpaka mwanzo wa Oktoba. Ndani ya hapo Julai na Agosti ndio mtego, manake Spiti kwenyewe jua linawaka na watu wanakupostia picha nzuri, kumbe njia za kufika huko, Kinnaur na Kullu (wilaya ya Manali), ndio zinapigwa na mvua na milima inateremka barabarani. Julai 2023 theluji na mafuriko yalifunga njia na zaidi ya watu 200 walikwama Chandratal siku kadhaa mpaka wakaokolewa. Ushauri wangu ni katikati ya Septemba: mvua imekwisha, mito imepungua, tufaha za Kinnaur zinavunwa na unauziwa njiani. Usiku Kaza inakaribia sifuri na Oktoba inashuka chini ya sifuri, lakini baridi unavaa nguo, maporomoko huna nguo ya kuyavalia.

Januari na Februari watu wanaenda kutafuta chui wa theluji kule Kibber, baridi inapita kasoro 20, mabomba ya maji yote yameganda, dizeli inaganda kwenye tenki. Hiyo sio safari ya kwanza, tuiache.

Hatua ya 2: ingia kwa Shimla, toka kwa Manali

Sitaki kuizungusha hii. Shimla ina kama mita 2,200 na barabara yake inapanda kidogo kidogo kwa siku nne tano kabla hujalala Kaza. Manali inakurusha. Ukiwa na siku 6 tu watu watakuambia nenda rudi kwa Manali, mi nakuambia ukiwa na siku 6 nenda Kinnaur, lala Sangla na Kalpa, kula tufaha, rudi nyumbani na afya yako, Spiti haihami.

Hatua ya 3: andika ratiba ya kulala

Chukua daftari, chora safu mbili, sehemu ya kulala na kimo chake. Kanuni wanayotumia madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usiku mmoja usipande zaidi ya mita 500 kwa ule uliopita, na kila baada ya siku tatu nne lala sehemu moja mara mbili. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, kinachohesabiwa ni kitanda.

Yetu ilikwenda hivi. Siku ya 1 kutoka Chandigarh tukapita Shimla tukalala Narkanda, kama mita 2,700, ni mbali kidogo lakini hupotezi siku kwenye foleni za Shimla. Siku ya 2 Sangla, kimo ni kilekile karibu, barabara imechongwa kwenye mwamba mpaka jiwe linakufunika juu kama paa. Siku ya 3 mchana tulipanda Chitkul, mita 3,450, kijiji cha mwisho cha bonde lile, tukakaa masaa matatu tukateremka kulala tena Sangla. Hayo masaa matatu sio utalii tu, unaufundisha mwili. Siku ya 4 Kalpa, mita 2,960, na hapo hata kama hoteli yako ni mbaya amka saa kumi na moja na nusu asubuhi uone jua linavyogusa kilele cha Kinnaur Kailash huku kijiji chote bado kiko kwenye kivuli.

Siku ya 5 ndio ndefu, Kalpa mpaka Tabo, masaa saba au nane ukihesabu kusimama. Wengi wanalala Nako njiani, kwenye kaziwa kadogo kazuri, lakini Nako ni mita 3,660 na Tabo ni mita 3,280, kwa hiyo sisi tulikula mchana Nako tukashuka kulala Tabo. Pale Nako ndio nilifungua begi nikakuta pakiti ya krisps imevimba kama mpira, imekaza, ukiigusa inalia. Hewa ya nje imepungua, ya ndani ya pakiti ni ileile ya Chandigarh. Dereva akasema ndio hivohivo tumboni na kichwani kwenu, kunyweni maji.

Tabo tukalala usiku mbili. Monasteri yake, yaani nyumba ya watawa wa Kibuddha, ilianzishwa mwaka 996, ni ya udongo, kwa nje unaweza ukaipita ukidhani ni ghala, ndani kuta zote zimechorwa na kuna giza, hakuna kupiga picha, nenda na tochi ndogo na usiguse ukuta. Siku ya 7 Kaza, kilomita 47 tu, ukipitia kijiji cha Dhankar kilichokaa juu ya ncha ya mwamba unaomeguka. Kaza usiku tatu. Siku ya 10 Chandratal au moja kwa moja upande wa Manali, nitaeleza mwishoni, na ya 11 umeshuka.

Weka na siku mbili za akiba ambazo hazina kazi. Usizitumie kwa kuongeza sehemu ya kutembelea. Barabara ikifungwa siku moja na huna akiba, ndio hapo watu wanaanza kuendesha usiku ili wawahi ndege.

Hatua ya 4: makaratasi

Viza ya India kwa nchi zetu nyingi unaomba mtandaoni. Ukitokea Kenya, Uganda, Kongo na nchi nyingine za ukanda wa homa ya manjano wanataka kile kitabu cha chanjo, na chanjo iwe imepita siku 10, wasipokiona wana haki ya kukuweka karantini, kwa hiyo kiweke pamoja na pasipoti sio kwenye begi kubwa.

Alafu kuna kibali cha eneo la mpakani. Mhindi hakihitaji kwenye barabara hii, mgeni anakihitaji kwa kipande cha kati ya Reckong Peo na Tabo kwa sababu kinapita karibu na mpaka wa China. Kinatolewa Shimla, Reckong Peo na Kaza, unapeleka pasipoti, viza, kopi zake na picha, na mara nyingi inakuwa rahisi zaidi kupitia wakala wa pale mjini. Ukiingia kwa Shimla mpango mzuri ni Reckong Peo siku ile unayoenda Kalpa, ziko jirani, ila usifike Jumapili ofisi zimefungwa. Toa kopi nyingi za kila kitu, njiani kuna vizuizi vya polisi na jeshi na kila kimoja kinaandika jina lako kwenye daftari, ukiwa na kopi unaacha unaendelea.

Simu ya setilaiti usiende nayo. India mgeni haruhusiwi kuwa nayo bila kibali maalum, na watalii wamekamatwa viwanja vya ndege hata kwa vile vidude vidogo vya kutuma ujumbe wa dharura vinavyotundikwa kwenye begi. Najua kwingine ndio vinashauriwa, huko acha nyumbani.

Na bima. Soma mstari wa kimo, bima nyingi za safari zinaishia mita kadhaa na juu ya hapo hulipwi. Hakikisha inafika angalau mita 5,000 na inalipia kuteremshwa hospitali.

Hatua ya 5: gari, na nani anaendesha

India wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo wengi tunajiona tunaweza. Kisheria unahitaji leseni ya kimataifa pamoja na yako ya nyumbani. Lakini mi nakushauri uchukue gari na dereva wa hukohuko, Kinnaur au Spiti, na sababu sio uoga wa kona. Dereva wa huko anajua jana jiwe limeanguka wapi, anajua mto gani umehama, akikutana na lori kwenye kipande kisichotosha gari moja wanaelewana kwa honi na mkono, na akisema hapa tusubiri ujue amezika jirani yake kwa kutosubiri. Nyumba ya wageni yoyote ya Kaza au Reckong Peo itakutafutia mmoja.

Ukiamua kuendesha mwenyewe basi kodi gari lililosajiliwa kwa kukodishwa, lile lenye namba za njano kwenye kibao cheusi. Gari la mtu binafsi ulilopewa kwa hela chini ya meza likipata ajali bima haipo. Chagua lililoinuka, magurudumu manne yote kuvuta sio lazima msimu wa kiangazi ila tumbo la gari kuwa juu ni lazima. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari lililokuwa linapanda vizuri Shimla, Kunzum litapanda kwa gia ya kwanza, usiligombeze.

Kabla hujaondoka kagua mwenyewe: pedi za breki, mkanda wa injini, kulanti kwenye rejeta (sio maji ya bomba, yanaganda), betri, na stepni. Stepni iwe na upepo, na jeki na spana yake viwepo na uvijaribu kufungua nati moja palepale, manake nati zikikazwa na mashine ya gereji zinagoma. Beba pampu ndogo ya kutumia umeme wa gari, vifaa vya kuziba pancha, kamba ya kuvutia gari, nyaya za kubusti betri, na dumu la lita 5 za maji.

Hatua ya 6: mafuta, hela, simu

Jaza tenki ukiwa karibu na Reckong Peo, kisha Kaza, kisha usitegemee chochote mpaka upande wa Manali. Hiyo Kaza ni sheli moja mjini, na vipande vyote viwili ni kama kilomita 200, kwa karatasi ni kidogo lakini kwa gia ya kwanza na ya pili gari linakunywa sana. Ukifika Kaza jaza jioni ileile, kesho wanaweza kukuambia lori la mafuta halijafika.

Hela taslimu beba za safari nzima kutoka Shimla. Kaza ATM ipo ila umeme ukikata au hela zikiisha imeisha hiyo, na yale malipo ya kuskani kwa simu ambayo India nzima wanatumia wengi wetu hatuna akaunti ya benki ya kule. Noti ndogo ndogo, chenji ni shida.

Laini ya simu nunua Delhi au Chandigarh, sisi ya BSNL, kampuni ya serikali, ndiyo ilishika vijiji vingi zaidi, Jio na Airtel tulizipata Kaza na sehemu chache. Kuna vipande vya masaa matano huna mtandao wowote, kwa hiyo pakua ramani mapema na waambie nyumbani kabisa, kutoka siku fulani mpaka fulani nikikaa kimya msianze kulia.

Hatua ya 7: mwili wako, na hapa soma taratibu

Dalili za mwanzo za ugonjwa wa milimani ni kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, uchovu, usingizi wa kukatika. Hizo zikija ubaya wake ni kuzificha. Watu wanazificha kwa sababu hawataki kuharibia wenzao safari, hasa vijana wa kiume, kwa hiyo wekeni sheria mapema kabla ya kuondoka: kila asubuhi na kila jioni kila mtu anasema ukweli kichwa chake kikoje, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Kichwa kikiuma kidogo, mnabaki hapohapo hampandi. Kikizidi, mnashuka. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hiyo ni ubongo au mapafu kujaa maji, mnashuka saa hiyohiyo kama njia inapitika, oksijeni ni ya kununua muda tu. Kumpima mtu anayeyumba ni rahisi, mwambie atembee kwenye mstari kisigino kwa kidole hatua kumi.

Dawa ya kuzuia ipo, asetazolamaidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, dozi ya kawaida ya kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini ongea na daktari kwanza, mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie. Inachoma choma vidoleni na inakukojoza, ni kawaida yake. Mjamzito, mwenye selimundu, mwenye moyo au mapafu mabovu, muone daktari kabla hata ya kukata tiketi, na hili la selimundu nalisisitiza kwetu manake ni wengi na oksijeni kidogo ni hatari kwao, hata baadhi ya wenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu na hawajawahi kuumwa.

Mengine ni ya kawaida ila yanafanya kazi. Maji kunywa mpaka mkojo uwe mweupe. Pombe na vidonge vya usingizi hapana, vinapunguza pumzi usiku. Siku ya kwanza ya Kaza tembea kama mzee. Kula wali na dengu, chapati, au thukpa, ile supu ya tambi ya moto, hata kama hamu haipo. Na jua la kule linachoma hata sisi weusi, midomo inapasuka inatoa damu, paka mafuta na vaa miwani.

Hatua ya 8: kuvuka vijito

Kipande cha kutoka Losar kuvuka Kunzum, kushuka Batal na kufika Gramphu ndicho kinachotisha watu, na kinachotisha sio kona, ni maji. Vijito vinatoka kwenye barafu juu vinakatisha barabarani, hakuna daraja. Usiku barafu inaganda maji yanapungua, jua likichoma inayeyuka, kufika saa nane mchana kijito ulichokiona cha kuruka asubuhi kinabingirisha mawe. Kwa hiyo toka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na uwe umevuka vyote kabla ya saa sita. Hii ndio sababu ya kweli ya kuamka mapema, sio picha.

Ukifika kwenye kijito simama, zima redio, shuka. Dereva wetu alivua viatu akakunja suruali akaingia mwenyewe, anapapasa chini kwa nyayo, anatafuta mawe makubwa na mashimo, maji yalikuwa yanamfika chini kidogo ya goti na alipotoka miguu imekuwa ya kijivu kwa baridi. Alafu akapanga mawe matatu ya bapa pale pa kupita tairi la kushoto, akarudi, gia ya kwanza, mwendo uleule bila kuachia wala kubadili gia mpaka ng'ambo. Ukibadili gia katikati ndio gari linazima. Maji yakipita goti, usivuke, subiri gari kubwa lipite kwanza au subiri kesho. Ukishavuka kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke.

Kwenye mteremko mrefu teremka na gia ndogo, ukikalia breki zitapata moto na kuisha. Anayepanda ndiye mwenye haki ya njia. Sehemu zenye kibao cha mawe kuanguka, kama Malling karibu na Nako, usisimame kupiga picha, angalia juu, pita.

Hatua ya 9: nguo

Fupi tu: nguo za ndani za kubana joto, sweta ya manyoya, jaketi la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi nzito jozi nne, mfuko wa kulalia kama utalala kwenye hema. Chupa ya maji ya kujaza, tochi ya kichwani, karatasi za chooni. Chaja ya ziada, na usiku lala na betri za kamera ndani ya blanketi, baridi inazimaliza.

Hatua ya 10: siku tatu za Kaza

Siku ya kwanza pumzika, tembea sokoni, basi. Ya pili Key, monasteri iliyorundikana juu ya kilima kwenye mita 4,166, alafu Kibber na daraja la Chicham lililo juu ya korongo refu sana, na kurudi. Ya tatu Langza, Hikkim na Komic kwa mzunguko mmoja. Hikkim kuna posta iliyofunguliwa 1983, iko zaidi ya mita 4,400, tuma kadi nyumbani, yangu ilifika. Langza utaletewa mawe yenye umbo la konokono, ni viumbe wa bahari ya kale ya Tethys iliyokuwa hapo kabla milima haijainuka, yaangalie, yashike, usinunue wala usiokote, wakiisha wameisha.

Laleni nyumba za watu kuliko hoteli inapowezekana. Sebule ina jiko la chuma katikati, familia nzima inakaa kuzunguka, bibi wa nyumba atakumiminia chai ya siagi na chumvi na kikombe kikipungua anajaza tena, ukitosheka kiache kimejaa. Salamu ni "julley", inafanya kazi ya hujambo na ya asante. Maji ni ya kuhesabu, yanatoka kwenye theluji, kwa hiyo ndoo moja ya kuoga ni ndoo moja kweli, na choo ni cha shimo kavu, unamwagia udongo na majivu sio maji. Kabla ya kupiga picha mtu muombe. Taka za plastiki rudi nazo mpaka Manali.

Hatua ya 11: kutoka

Kama wote vichwa vyenu viko sawa baada ya usiku tatu Kaza, lala Chandratal usiku mmoja, sasa mwili unaiweza. Kambi haziruhusiwi kando ya ziwa, ziko kama kilomita mbili tatu kabla, unatembea. Kama kuna mmoja tu ambaye hajakaa sawa, piteni mkanywe chai Batal mshuke.

Baada ya Gramphu unaweza kupanda njia ya juu ya mlima ya Rohtang ila mimi nashauri uteremke upande wa bonde la Lahaul upite handaki la Atal, kilomita 9, lilifunguliwa Oktoba 2020, unaingia kwenye mawe makavu na unatokea kwenye miti. Ukiwa na muda lala Sissu kabla ya kuingia handaki, ni tulivu kuliko Manali.

Kutoka Manali mpaka Delhi kwa basi ni usiku mzima, masaa kama 12 mpaka 14, na mvua ikinyesha Kullu yanakuwa zaidi. Tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani usiikate ya siku inayofuata, iache siku mbili mbele.